Saa Iliyowaonyesha Watu Njia
Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Leo tutasoma habari za historia, na somo letu linaanza kwa swali moja dogo: Je, uko wapi sasa hivi?

Labda utajibu, "Niko kijijini kwetu, karibu na kisima." Jibu hilo ni zuri kwa jirani yako. Lakini nahodha aliye katikati ya bahari hana kisima wala mwembe wa kuonyesha. Pande zote ni maji. Yeye afanye nini ili ajue mahali alipo? Watu wengi walikufa kabla swali hilo halijapata jibu.

Mabaharia wa zamani hawakuwa wajinga. Wazee wetu wa pwani walisafiri kwa majahazi mpaka Arabuni na Bara Hindi, wakifuata pepo za kaskazi na kusi. Walitupa bildi kupima kina cha maji, wakatumia dira, na usiku wakatazama nyota. Iko nyota moja ya kaskazini ambayo haihami mahali pake. Nahodha aliyetoka Omani kuja kwetu aliiona ikishuka kidogo kidogo kila siku, hata akikaribia ikweta ikafika ukingoni mwa bahari. Kwa kuipima urefu wake alijua amekwenda kusini kiasi gani. Mwaka 1498 Vasco da Gama, Mreno, alipofika Malindi, alipewa rubani aliyeijua bahari hii, naye akamvusha mpaka Bara Hindi kwa muda wa siku 23 hivi.

Kwa hiyo kujua kaskazini na kusini kuliwezekana. Shida ilikuwa kujua mashariki na magharibi, yaani longitudo. Nyota na jua huchomoza na kutua kila mahali, wala haziachi alama. Mwaka 1707 merikebu za vita za Uingereza zilikuwa zikirudi kwao. Wakubwa wake walikosea hesabu ya mahali walipo, na usiku zikagonga miamba ya visiwa vya Scilly. Merikebu 4 zilizama, na watu zaidi ya 1,400 wakafa, karibu kabisa na nchi yao wenyewe.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likatangaza zawadi ya pauni 20,000 kwa mtu atakayepata njia ya hakika ya kupima longitudo baharini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24. Basi, kwa saa moja huzunguka nyuzi 15. Kwa sababu hiyo jua halifiki utosini mahali pote kwa wakati mmoja. Likiwa utosini Dar es Salaam, watu wa Kigoma watangoja karibu dakika 39 ndipo liwe utosini kwao. Saa zetu za mkononi hazionyeshi tofauti hiyo, kwa kuwa nchi nzima imekubali kufuata saa moja. Lakini jua halikuingia katika mapatano hayo.

Fikiri basi kwamba nahodha amechukua saa inayoonyesha wakati wa bandari ya kwao. Jua likiwa utosini, hutazama ile saa. Ikiwa huko kwao ni saa nane za mchana, ajua yuko nyuma kwa saa mbili, yaani nyuzi 30 upande wa magharibi. Hesabu ni nyepesi. Kazi ilikuwa kuipata saa yenyewe! Saa za siku zile zilivurugwa na mawimbi, joto na baridi. Tena saa ikikosea dakika moja tu, nahodha aliye kwenye ikweta atakosea karibu kilomita 28. Hizo zatosha kumpandisha mwambani.

Aliyeipata saa hiyo hakuwa mtaalamu wa nyota. Alikuwa John Harrison, seremala wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1693, naye alijifundisha mwenyewe kutengeneza saa. Alifanya kazi hiyo miaka mingi, akatengeneza moja, akaona kasoro, akatengeneza nyingine. Saa yake ya nne, iliyokwisha mwaka 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 hivi. Mwaka 1761 mwanawe aliichukua baharini mpaka Jamaika. Baada ya siku 81 ilikuwa imepotea sekunde 5 tu. Hata hivyo mabwana waliosimamia zawadi walisitasita, wakadai majaribio zaidi. Harrison alilipwa sehemu ya mwisho ya fedha zake mwaka 1773, akiwa mzee wa miaka 80.

Saa hizo zilitumika nchi kavu vilevile. Dokta Livingstone alizichukua katika safari zake ili achore ramani. Mnamo Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpagazi aliyezibeba aliteleza akaanguka, na tangu hapo hesabu zake za longitudo zikapotoka. Miaka 6 baadaye alirudi pande za Ziwa Bangweulu. Mvua ilinyesha, mabonde yakafurika, mawingu yakafunika jua na nyota, naye akatangatanga majini akiwa mgonjwa sana. Alifariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo. Chuma, Susi na wenzao wakaichukua maiti yake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wao walizifuata njia za wenyeji, kijiji hata kijiji. Nao pia walikuwa na elimu ya njia, ingawa haikuandikwa kitabuni.

Tuje sasa angani. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia yake kwa kilomita mamia, ikaingia anga ya Urusi ya Kisoviet. Ndege ya vita ikaitungua. Watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa likirusha setelaiti za kuonyesha mahali, nayo ya kwanza ilikuwa imerushwa mwaka 1978. Baada ya msiba ule, Rais Reagan alitangaza kwamba mtambo huo ukikamilika utatumiwa na watu wa mataifa yote bila malipo. Ulikamilika mwaka 1995.

Nayo setelaiti ni nini? Ni saa ya Harrison iliyopandishwa mbinguni! Kila moja ina saa za namna ya ajabu, nayo huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, ikitangaza daima: "Mimi niko hapa, na sasa ni saa fulani." Simu yako husikia tangazo hilo, ikapima limechukua muda gani njiani, ndipo ikajua umbali. Ni kama kuambiwa uko mwendo fulani kutoka kisimani, fulani kutoka sokoni, na fulani kutoka shuleni. Mahali panapotimiza yote matatu ni pamoja tu. Setelaiti ya nne husahihisha saa ya simu yenyewe. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, kosa ni mita 300.

Leo nahodha, dereva, rubani wa ndege na mpima mashamba wote hutumia mtambo huo. Lakini betri huisha, na matangazo yake hafifu huweza kuzuiwa. Mvuvi mwenye busara huchukua dira pia.

Basi, ndugu, jifunzeni kuzisoma zile namba mbili za mahali. Dar es Salaam ni karibu nyuzi 6.8 kusini na 39.3 mashariki. Chombo chako kikizimika baharini, au shamba lako likipimwa, namba mbili hizo zaweza kuokoa maisha yako au mpaka wako. Asiyejua kuzisoma atategemea kusomewa na mwingine.

Maswali
1. Kwa nini saa ilihitajika ili kujua longitudo?
2. Dunia huzunguka nyuzi ngapi kwa saa moja?
3. Ni jambo gani lilizipata saa za Livingstone mwaka 1867?
4. Waulizeni wazee wenu: walijuaje njia usiku? Andikeni majibu yao.