Dur-Dur na Mwendo wa Ngamia

Wapenzi wa muziki wa Kisomali, wawe Garissa, Eastleigh au London, wakianza kubishana juu ya Dur-Dur Band huishia pale pale: bendi iliyotamba Mogadishu miaka ya 1980 ina nafasi gani leo? Wanaosema haina hawasemi ovyo. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wanamuziki wale walitawanyika, wengine wakafika Ohio, wengine London. Yaliyofuata wanayaona kama ufukuaji wa makaburi. Mwaka 2013 lebo ya Awesome Tapes From Africa ilitoa upya Volume 5, kazi ya 1987. Mwaka 2018 Analog Africa ya Ujerumani ikatoa kanda za mwanzo, tena kwenye santuri ambazo nyumba nyingi za Garissa hazina hata chombo cha kuzipigia. The Berlin Session, albamu ya Dur-Dur Band Int. ya mwaka 2023, jina lake tu linaonyesha ilikozaliwa. Hayo yote ni kweli, lakini mimi naona yanapima kitu kingine. Umri wa bendi hii haujulikani kwa kuhesabu albamu. Unajulikana kwa kuutazama mdundo ilioubeba, na kazi ambayo mdundo huo bado unaifanya.

Mdundo wenyewe ni dhaanto, ngoma ya wafugaji inayochezwa kuanzia Ogaden, Ethiopia, hadi Kaskazini Mashariki ya Kenya. Wanaume husimama mstari mmoja, wanawake mwingine, wakielekeana. Mmoja hutoa ubeti, wenzake wakaupokea kwa makofi na kishindo cha miguu, huku shingo na mabega yakienda mbele na nyuma kama ngamia aliye safarini. Pigo zito haliangukii pale sikio linapolingoja. Linachelewa kidogo, na mwili ndio unaolijazia pengo. Ndiyo maana rege ilipofika Mogadishu, wengi waliisikia kama dhaanto iliyorudi kutoka ng'ambo. Kati ya vikundi vya muziki vya Mogadishu, Waaberi ilikuwa ya serikali, Iftin ikawa chini ya Wizara ya Elimu, lakini Dur-Dur ilikuwa bendi ya watu binafsi na ilikula jasho la wachezaji dansi. Ilipiga funk na disko, na humo humo ikaitia dhaanto kwenye gitaa la besi na kinanda. Kwa hiyo anayeniambia hii ni bendi ya Mogadishu, si yetu wa Garissa, namjibu kwamba mtambo ulikuwa wa Mogadishu. Mwendo ni wa malishoni, na malisho hayakatwi na mpaka wa Kenya na Somalia pale Liboi.

Na mpaka huo ulikuwa na historia nzito. Vita vilivyoitwa vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, viliiacha Kaskazini Mashariki chini ya sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Kizazi kizima kilikua kikitazamwa kwa shaka na serikali yake, na muziki wa lugha yao ukawafikia zaidi kwa redio na kanda kuliko jukwaani. Kanda ilinakiliwa kutoka kanda, nakala ikazaa nakala. Utepe wake ukichomoka, ulirudishwa ndani kwa kuzungusha kalamu ya biki kwenye tundu. Kila nakala ilikula sauti za juu kidogo, kinanda kikafifia, maneno yakafunikwa na mvumo. Kilichostahimili ni besi na mdundo, yaani sehemu ile ile ambayo msikilizaji alikuwa nayo tayari mwilini. Kisha mwaka 1991 na 1992 kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa Dadaab, na watu waliotoka kwenye miji ya dansi hiyo wakawa majirani.

Pingamizi zito zaidi ni la dini, na silichukulii kama jambo dogo. Aprili 2010 kundi la wapiganaji la Hizbul Islam liliziamuru redio za Mogadishu ziache muziki, kwa vitisho. Garissa hoja hiyo ya kuukataa muziki husemwa na watu wa heshima, kwa nia njema, na harusi nyingi siku hizi hazitaki vyombo kabisa. Ila dhaanto ilikuwepo kabla ya gitaa na haihitaji umeme. Ukiondoa vyombo, makofi yanabaki.

Vijana nao wana hoja: dhaanto wanayocheza inatoka Jijiga, Ethiopia, imetengenezwa kwa kinanda na programu, na hawadaiwi chochote na mzee yeyote wa bendi. Hapa nawapa haki yao nusu. Dur-Dur haikuizaa dhaanto, wala haikuwa peke yake kuitia umeme. Lakini kinanda kinachoongoza harusi ya leo kinafanya kazi ile ile waliyoifanya wao miaka arobaini iliyopita. Linaloniuma ni jambo jingine. Kanda za kunakili mara nyingi zilisafiri bila kasha wala majina, na kwa njia hiyo watu waliupokea muziki bila kuwajua wenyewe. Sahra Dawo aliiimbia bendi hiyo nyimbo zake zilizopendwa sana, na msichana wa Garissa anaweza kuzicheza usiku kucha asijue kwamba sauti ile ina mwenyewe.