Al-Zahrawi na Upasuaji wa Matumbo: Elimu na Dhamana

Baadhi ya ndugu zetu huingiwa na shaka mgonjwa wao anapotakiwa kupasuliwa tumbo: je, si kuudhuru mwili ambao Allah (s.w.) ameutukuza? Kabla ya kujibu, na tutazame walivyofanya Waislamu waliotutangulia.

Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mnamo mwaka 404 Hijria (1013), alikuwa tabibu wa Andalus, karibu na mji wa Qurtuba. Kitabu chake, al-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji. Humo ameeleza tiba ya majeraha ya tumbo hatua kwa hatua. Utumbo uliotoka nje ukavimba hausukumwi kwa nguvu. Hukandwa kwa maji ya vuguvugu mpaka unywee, na ukikataa kurudi ndipo jeraha hupanuliwa. Ama utumbo uliotoboka, amenakili njia ya kukutanisha kingo zake na kuzibana kwa chungu wenye vichwa vikubwa: chungu akishauma hukatwa kiwiliwili, kichwa kikabaki kimeshika. Akaongeza kwamba hushonwa pia kwa uzi mwembamba utokanao na utumbo wa mnyama. Uzi wa aina hiyo, ambao mwili huuyeyusha wenyewe, uliendelea kutumika hospitalini hadi karne ya 20.

Lakini bingwa huyu hakuhimiza kisu ovyo. Mwanzoni mwa sehemu hiyo amesimulia habari ya tabibu mjinga aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingoni, akakata mishipa, na mama yule akafa kwa kutokwa na damu. Ndiyo maana akausia kwamba mpasuaji lazima kwanza ajue umbile la viungo.

Wanazuoni wa fiqhi nao wamelisisitiza hilo. Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, anayejitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana. Ibnul-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria) akafafanua katika Zadul-Maad kuwa tabibu mjuzi aliyepewa idhini na kuitimiza kazi yake ipasavyo hana dhamana kwa madhara yatakayotokea.

Basi upasuaji wa haja ni kuuhifadhi mwili, si kuudhuru, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Tunalopaswa kuuliza ni hili: anayeshika kisu ana elimu, na mgonjwa ameridhia? Tunawaomba maimamu wetu wayaeleze haya misikitini, asije mgonjwa akacheleweshwa nyumbani kwa shaka mpaka utumbo ukaoza.

Wallahu a'lam.