Upele si upele tu: asili ya istilahi za ngozi

Mwaka 2024, ugonjwa wa mpox ulipovuka kutoka Kongo na kuingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, tuliwapa wanafunzi wetu wa tafsiri zoezi la kufasiri tangazo la afya. Tangazo lilitaja hatua tano za ugonjwa kwenye ngozi. Karibu wanafunzi wote walitumia neno moja kwa hatua zote tano: upele.

Hatukuwalaumu, maana hata sisi walimu tulipokaa kusahihisha tulisitasita. Lakini tazama methali yetu, kwamba upele humwota asiye na kucha. Maana yake yote imesimama juu ya mwasho. Malengelenge ya mpox aghalabu huanza kwa maumivu, na mwasho hufuata yanapokauka. Mtu anayesoma "upele" na haoni haja ya kujikuna anaweza kuamini kwamba tangazo halimhusu, akaendelea kuwaambukiza wenzake nyumbani.

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Madaktari wa Ulaya waliishi nalo kwa karne nyingi. Vitabu vya magonjwa ya ngozi vilikuwapo, kwa mfano kile cha Mercurialis cha mwaka 1572, lakini neno moja liliweza kubeba magonjwa matatu, na ugonjwa mmoja ukapewa majina manne. Mwaka 1776 Joseph Jakob Plenck alitoa kitabu huko Vienna kilichogawa magonjwa ya ngozi katika mafungu 14 kwa kufuata kinachoonekana kwa macho. Ni njia ileile ambayo Linnaeus alikuwa ameitumia kupanga mimea.

Aliyeinyoosha kazi hiyo ni Robert Willan, daktari wa zahanati ya maskini katika mtaa wa Carey, London. Mwaka 1790 Chama cha Madaktari cha London kilimpa nishani kwa mpango wake. Kuanzia 1798 akaanza kuuchapisha sehemu kwa sehemu, pamoja na picha za rangi. Mafungu yake yalikuwa manane tu: papula, skwama, eksanthema, bula, pustula, vesikula, tubakula na makula. Alifariki mwaka 1812 kabla ya kumaliza, na mwanafunzi wake Thomas Bateman akatoa muhtasari wa kazi yote mwaka uliofuata.

Sisi watu wa lugha tunavutiwa zaidi na jinsi Willan alivyofanya kazi. Maneno hayo hakuyabuni. Yalikuwa maneno ya Kilatini yaliyozoeleka, yakitumiwa ovyo, naye akayapa mipaka. Makula ni doa: rangi ya ngozi imebadilika, lakini ukipitisha kidole husikii kitu. Papula imeinuka na ni ngumu, haina maji. Vesikula ina maji maangavu, bula ni hiyohiyo ila kubwa, na pustula ina usaha. Skwama ni magamba.

Kiswahili kina maneno hayo karibu yote: doa, kipele, lengelenge, kipele cha usaha, gamba. Yanayokosekana ni mipaka. Kamusi zetu hueleza kipele kuwa upele mdogo, nasi tunarudi tulikoanzia.

Mpango wa Willan ulikuwa na kasoro moja kubwa. Ngozi haitulii. Ndui huanza kama madoa, yakawa vipele, vikajaa maji, kisha usaha, vikafunga vigaga na kuacha makovu. Basi iwekwe fungu gani? Ferdinand von Hebra wa Vienna, mwaka 1845, aliupanga upya uwanja huu kwa kufuata mabadiliko yaliyomo ndani ya mwili. Hata hivyo majina ya Willan yalibaki, si tena kama mafungu ya magonjwa bali kama alfabeti ya kuyaelezea.

Alfabeti hiyo ilisaidia katika kuifuta ndui. Wahudumu walipaswa kuitofautisha na tetekuwanga: katika ndui vipele vya sehemu moja ya mwili huwa katika hatua moja na hujaa zaidi usoni na mikononi, katika tetekuwanga hatua huchanganyika na vipele hujaa zaidi kiwiliwilini. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977.

Kuna jambo jingine ambalo mfasiri asilipite haraka. Eksanthema ya Willan inategemea wekundu, na macho yake yalizoea ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama zambarau au weusi uliokolea, au usionekane kabisa. Tukifasiri "madoa mekundu" neno kwa neno, mama wa hapa atamtazama mtoto wake na kusema hana kitu.

Katika zoezi la pili wanafunzi waliandika: madoa, kisha vipele vigumu, kisha malengelenge, kisha vipele vya usaha, mwisho vigaga. Muuguzi mmoja aliyealikwa darasani aliisoma orodha hiyo mara moja tu akaikubali. Tubakula, ambayo leo madaktari huiita nodula, bado inatusumbua. Wengine wamependekeza kivimbe, lakini neno hilo watu hulitumia pia kwa uvimbe wa tumboni, na ubishi darasani haujaisha.