Samaki mbichi si samaki wa bila kazi: historia ya bakuli moja ya Japani



Wiki mbili zimepita, mwenzetu mmoja wa hapa Bukavu alituma video kwenye grupu. Mtu anaweka muchele mu bakuli, anakata samaki mwekundu vipande, anavipanga juu, anamwaga mchuzi mweusi kiloko, anakula. Dakika tano, kwisha. Chini yake akaandika: «Jumamosi tufanye hii na tilapia ya soko. Nani anakuja?» Watu kumi na moja wakajibu: «Mimi.»

Mimi nikaandika: ngojeni kwanza. Wakanicheka, eti mtu wa agro anaogopa samaki. Leo niko nalipa deni ya kujibu. Na jibu lenyewe ni refu, juu ile bakuli ya dakika tano iko na zaidi ya miaka elfu moja ndani yake.

Mwanzo: samaki wa kuchachuka

Wengi tunafikiri Wajapani walianza na samaki mbichi juu ya muchele. Hapana. Sushi ya zamani ilikuwa namna ya kuhifadhi samaki. Walimpasua, wakamtia chumvi, wakampanga mu pipa kati ya tabaka za wali, wakaweka jiwe zito juu, wakaacha miezi mingi. Wali ulichachuka, ukatoa asidi ya laktiki, ile ile yenye kufanya maziwa yakuwe mashanza. Asidi ikizidi, bakteria wa kuoza hawapati nafasi. Wakati wa kula, wali walitupa, wakala samaki tu.

Sushi ya namna hiyo ilikuwa na thamani mpaka serikali iliipokea kama kodi. Kitabu cha kanuni za serikali chenye kuitwa Engishiki, kilichomalizika mwaka 927, kinaandika sushi kati ya vitu vyenye majimbo yalipaswa kupeleka kwa mfalme. Mpaka leo, kando ya ziwa Biwa, ziwa kubwa kuliko yote ya Japani, watu bado wanatengeneza funazushi, samaki wa ziwa mwenye kukaa mu wali mwaka mzima, na hata zaidi.

Angalieni vizuri: watu wa ziwa, sawa vile sisi. Chakula chao cha sifa si samaki mbichi. Ni samaki mwenye kupita mu chumvi na mu asidi.

Siki ya Handa na haraka ya Edo

Polepole watu walipunguza muda. Katika enzi ya Muromachi (1336–1573) walianza kufungua pipa mapema, wali bado mzuri, wakala vyote viwili. Njo hapo muchele uliacha kuwa kifaa, ukawa chakula.

Kisha ukaja mji wa Edo, ule wenye tunaita Tokyo tangu 1868. Katika karne ya 18 ulikuwa na watu kama milioni moja: maseremala, wabeba mizigo, watumishi wa wakubwa. Watu wa namna hiyo hawawezi kungoja pipa miezi sita. Wapishi wakaona: ikiwa tunatafuta ile ladha kali ya asidi, kwa nini tusiimwage moja kwa moja? Wakatumia siki, ile yenye tunaita vinegre.

Hapa mimi mtu wa agro nafurahi kabisa. Mwaka 1804, mtengenezaji wa pombe mu mji wa Handa, Nakano Matazaemon, alianza kutengeneza siki kwa kutumia machicha yenye kubaki baada ya kukamua sake. Kitu cha kubaki kikawa mali. Siki yake ilipelekwa Edo kwa mashua, na ilikuwa nafuu kuliko siki ya muchele mtupu. Hanaya Yohei, mwenye kutajwa sana kati ya wapishi wa kwanza wa sushi ya kufinyangwa kwa mkono, alifanya kazi Edo katika miaka ya 1820. Machicha ya Handa yalisaidia sushi ya haraka kuwa chakula cha watu wa kawaida.

Na samaki? Mara nyingi hakuwa mbichi kabisa. Wengine walitiwa chumvi na siki, wengine walichemshwa. Jodari, ule samaki mwekundu wa video, alilowekwa mu mchuzi wa soja ili chumvi imulinde. Mafuta ya tumbo lake, yenye leo watu wanalipa pesa nyingi, hayakuwa na bei, juu yaliharibika haraka. Ule mchuzi mweusi wa video, basi, haukuanza kama urembo. Ulikuwa dawa ya kuchelewesha kuoza.

Wakati huo huo Edo ilizoea kula wali mu bakuli kubwa, donburi, chakula kikiwa juu: mkunga wa kuchoma ulianza hivyo mu karne ya 19. Jodari naye akaingia bakuli, akaitwa tekkadon. Samaki wa namna nyingi juu ya wali wa siki ni chirashi. Kaisendon, yenye kawaida inatumia wali mweupe bila siki, ni mtoto wa juzi. Yeye alingoja barafu.

Barafu njo ilifungua mlango

Katika miaka ya 1870 barafu ya kukatwa Hakodate, kaskazini, ilikuwa inauzwa mpaka Yokohama. Baadaye zikaja mashine za barafu. Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 liliharibu soko la samaki la Nihonbashi, na soko jipya la Tsukiji likafunguliwa 1935. Katika miaka ya 1950 frigo ilihesabiwa kati ya vitu vitatu vyenye kila nyumba ya Japani ilitamani, pamoja na televizioni na mashine ya kufua. Kisha meli za mbali zikaanza kugandisha jodari kwa baridi ya digrii 60 chini ya sufuri, juu bila baridi kali vile nyama yake nyekundu inageuka kahawia.

Hata kuua samaki kuliwekewa ufundi. Kwa ikejime, mvuvi anamchoma kwenye ubongo, anamtoa damu, anaharibu uti wa mgongo kwa waya. Samaki asipohangaika, nyama inakaa muda mrefu bila kulegea.

Kwa hiyo yule mtu wa video hakupika dakika tano. Kazi ilifanyika mbele yake: kwa mvuvi, kwa meli, kwa soko, kwa frigo. Mbichi si bila kazi. Mbichi ni kazi yenye imehamishwa mbali na jiko.

Mnyoo haogopi siki

Sasa ile tilapia yetu. Kuna vitu viwili vyenye tunachanganya: kuoza na mnyoo. Chumvi, siki na baridi ya kawaida vinapigana na kuoza. Mnyoo ni mambo mengine. Anisakis, mnyoo wa samaki wa bahari, anaishi vizuri ndani ya siki, mchuzi wa soja na wasabi. Mwenye kumuua ni moto, ao kugandishwa digrii 20 chini ya sufuri angalau saa 24, baridi ikifika mpaka katikati ya nyama. Sheria za nchi zingine zinaomba siku saba.

Waainu wa Hokkaido walifahamu njia hiyo bila labo. Samoni walimwacha nje mu baridi agande kabisa, wakamkata, wakamla. Wanamwita ruibe. Wajapani wengine hawakuwa wanakula samoni mbichi wa kwao, juu walijua iko na minyoo. Samoni mbichi juu ya wali ilienea baada ya Norvegi kuanza, katikati ya miaka ya 1980, kuwauzia samoni wa kufugwa na kulishwa chakula safi.

Na samaki wa maji baridi ni hatari zaidi. Asia ya Mashariki inajua mnyoo wa ini, Clonorchis, mwenye kutoka kwa konokono, kuingia kwa samaki wa mto, kisha kwa mtu. Tilapia ya soko, yenye imeshinda juani, haikugandishwa, na umeme wa nyumba unakuja na kwenda: hiyo si kaisendon. Hiyo ni bahati nasibu.

Jumamosi tulifanya nini?

Tulikula bakuli, wandugu! Kule pwani karibu na Kamakura wako na samaki wadogo sana, shirasu. Wengi wanachemshwa mu maji ya chumvi mara tu wanapofika nchi kavu, kisha wanawekwa juu ya wali wa moto. Hata chirashi yenye familia za Japani zinatengeneza nyumbani tarehe 3 Machi, sikukuu ya wasichana, mara nyingi inapambwa na kamba wa kuchemshwa na mayai ya kukaanga yenye kukatwa nyembamba.

Basi tulinunua sambaza za asubuhi, tukazichemsha mu maji ya chumvi. Muchele wa Ruzizi tuliuosha, tukauloweka nusu saa, tukaupika. Kwa vikombe viwili vya muchele tulichanganya siki vijiko vinne vikubwa, sukari viwili, chumvi kijiko kidogo kimoja, tukamwaga wali ukiwa wa moto. Haukushikana sawa ule wa Japani, juu muchele wao mfupi unashikana zaidi. Mayai juu, sambaza juu, mchuzi wa soja matone. Sufuria ilirudi tupu, na yule rafiki wa tilapia njo aliikwangua.

Lakini swali limebaki kwangu. Mu oditwari tulifundishwa sana namna ya kuongeza mavuno. Mavuno yakishatoka shambani ao ziwani, kosi inakuwa fupi. Handa walitajirika na machicha. Sisi, sambaza ya saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mama anaiuza nusu bei juu haina barafu.

Nani kati yetu atafanya barafu yake kuwa kazi yake? Niambieni hapa chini. Na tilapia, tafazali, pikeni.