Njia ya Watoro: Kutoka Shumaisi Hadi Manfuha

Barabara ya zamani ya kutoka Jeddah kwenda Makka hupita mahali panapoitwa Shumaisi. Kwa Wakenya, Waganda na Wahabeshi wanaohangaika na maisha katika Hijazi, jina hilo lina maana moja tu: tarhili, kituo wanakofungiwa watu wanaosubiri kurudishwa makwao. Ukiambiwa ndugu yako yuko Shumaisi, huulizi zaidi. Lakini Shumaisi ndiyo Hudaibiya, ile ile tuliyosomeshwa chuoni, ambapo Mtume na Makureshi waliandikiana suluhu mwaka 628.

Suluhu hiyo ilikuwa na sharti moja lililowauma sana Masahaba: mtu wa Makka akikimbilia kwa Waislamu bila idhini ya walii wake, arudishwe. Mkataba ukiwa bado unaandikwa, akatokea Abu Jandal akiburura minyororo yake. Baba yake, Suhail bin Amr, ndiye aliyekuwa mjumbe wa Makureshi. Akarudishwa. Baadaye akakimbia mwanamke, Ummu Kulthum binti Uqba, na ndugu zake wakaja Madina kumdai. Huyo hakurudishwa, kwa kuwa aya ya 10 ya Surat al-Mumtahina iliwatoa wanawake katika sharti hilo.

Nimeanzia hapa kwa makusudi. Habari za polisi na mtu mweusi katika Saudia ya leo husimuliwa kama habari za vibali na msako. Ukizifuata nyayo kwa nyayo zinakurudisha kwenye swali la Abu Jandal: aliyeondoka kwa mwenye mamlaka juu yake, nani ana haki ya kumkamata, na nani wa kumsikiliza?

Kusini ya Jeddah iko Shuaiba, iliyokuwa bandari ya Makka kabla ya Khalifa Uthman kuihamishia Jeddah. Waislamu wa kwanza walivukia huko mwaka 615 kwenda Uhabeshi. Makureshi wakatuma wajumbe wenye zawadi ili Najashi, mfalme wa huko, awatoe. Najashi akazisikiliza pande zote mbili, kisha akakataa. Wahabeshi hawajaisahau hisani hiyo, na yaliyowakuta Riyadh mwaka 2013, nitakayoyafikia mbele, yaliwafanya waikumbushe kwa uchungu.

Jeddah yenyewe ina kumbukumbu nyingine, isiyotajwa sana. Katika mji mkongwe wa al-Balad, wenye madirisha ya mbao yaliyochongwa, walikaa wawakilishi wa Uingereza. Mtumwa aliyefanikiwa kufika mlangoni kwao na kuomba hifadhi aliandikiwa uhuru na kusafirishwa. Katika Mkataba wa Jeddah wa Mei 1927 Mfalme Abdulaziz aliahidi kushirikiana na Waingereza kuizima biashara ya watumwa. Mwaka 1936 alitoa kanuni za kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na Waingereza nao wakaiacha haki yao ya kuwapa uhuru waliokimbilia kwao. Mlango ule ukafungwa. Utumwa wenyewe uliendelea hadi Novemba 1962, Faisal, wakati huo mrithi wa ufalme na waziri mkuu, alipotangaza kuufuta. Serikali ikaahidi fidia, na waliostahili kulipwa ni mabwana.

Sisemi kafala, utaratibu wa leo unaomfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake, ni utumwa. Mfanyakazi wa leo ana mkataba, ana mshahara hata kama unacheleweshwa, na alipanda ndege kwa hiari yake. Ninachosema ni kwamba kazi ya kumlinda mtu asiondoke imebaki mikononi mwa raia wa kawaida, na dola humfuata raia huyo nyuma. Ikama ya mgeni, yaani kibali chake cha kukaa, imefungwa kwa kafili, mwajiri anayemdhamini. Kafili akiripoti hurubu, yaani kwamba mtu wake ametoroka, aliyekuwa mfanyakazi asubuhi anakuwa mhalifu jioni, hata kama alikimbia kipigo au miezi ya kutolipwa. Mabadiliko ya Machi 2021, yaliyowaruhusu baadhi ya wafanyakazi kuhama mwajiri na kusafiri bila idhini yake, hayakuwagusa watumishi wa nyumbani. Hao ndio dada zetu.

Ukiyajua hayo utaelewa kwa nini, kwa miaka mingi, watu wa Afrika na Asia walikuwa wakilala chini ya daraja la Kandara, Jeddah, wakiomba wakamatwe. Kukamatwa kulikuwa ndiyo tiketi ya kurudi nyumbani. Kusini ya mji ulikuwapo mtaa wa Karantina, wenye Waafrika wengi, wengine wakiwa wamezaliwa papo hapo na wasio na karatasi ya nchi yoyote. Kwa magazeti ya Jeddah ulikuwa mtaa wa gongo, wizi na misako ya polisi. Bomoabomoa iliyoanza Oktoba 2021 iliufagia pamoja na mitaa mingine zaidi ya 60 ya Jeddah, na fidia iliyotangazwa baadaye haikuwahusu wasio raia.

Kutoka Jeddah hadi Riyadh ni kilomita 950 hivi za jangwa, na hapo sina la kusimulia.

Manfuha iko kusini mwa Riyadh. Kabla ya kumezwa na jiji ulikuwa mji wenye jina lake. Ni kwao al-A'sha, mshairi wa zama za Jahilia, ambaye inasimuliwa kwamba safari zake zilimfikisha hadi kwa Najashi. Ni kwao pia Dahham bin Dawwas, aliyeitawala Riyadh katika karne ya 18 na kupigana na ukoo wa Saud kwa zaidi ya miaka 25. Siku hizi ni mtaa wa vichochoro na nyumba za kupanga za bei nafuu, na kabla ya msako wa 2013 ulikuwa umejaa Wahabeshi.

Mwaka huo serikali ilitaka kazi zirudi kwa Wasaudi. Ikatoa muda wa msamaha ili wageni warekebishe vibali vyao au waondoke. Muda ukaisha tarehe 3 Novemba, na kesho yake msako ukaanza nchi nzima. Hewa ilikwisha kuchafuka. Miezi michache nyuma magazeti yalikuwa yamewavalia njuga watumishi wa Kihabeshi, yakiwataja kwa mauaji ya watoto, na uajiri wao ukasimamishwa. Basi mtu hakutazamwa tena kama mtu aliyepitiliza muda wa kibali. Alitazamwa kama Mhabeshi.

Usiku wa tarehe 9 Novemba Manfuha ikawaka. Wahabeshi waliohojiwa na shirika la Human Rights Watch walieleza jinsi wanaume wenye fimbo, mapanga na bunduki walivyowavamia, wengine wakiwa raia walioungana na askari. Vijana wa mtaa walijifanya sungusungu. Wakaaji walijibu kwa mawe, na magari yakavunjwa. Polisi wa Riyadh walitangaza kwamba wawili wamekufa, 68 wamejeruhiwa na 561 wamekamatwa. Addis Ababa ilisema raia wake watatu wameuawa. Katika miezi iliyofuata Wahabeshi zaidi ya 160,000 walirudishwa kwao, wengi wakishuka uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, na mfuko mmoja mkononi.

Hapo ndipo umma ulipopaza sauti. Wahabeshi waliandamana mbele ya balozi za Saudia kuanzia Washington hadi London. Tarehe 15 Novemba walijaribu kufanya hivyo Addis Ababa kwenyewe. Polisi wa Ethiopia wakawatawanya kwa virungu na kuwatia mbaroni, kwa hoja kwamba maandamano hayakuwa na kibali. Mtu amepigwa Riyadh kwa kukosa kibali. Ndugu yake anayemlilia anapigwa nyumbani kwa kukosa kibali. Katika habari yote hii ya 2013, hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Wala tusijitoe. Septemba ya mwaka huo huo Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na watu waliokaa humo miongo kadhaa wakasukumwa mpakani. Aprili 2014 Kenya ikafanya operesheni ya Usalama Watch: Wasomali wakazolewa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, kwa maelfu, wengi wakafungiwa uwanja wa michezo wa Kasarani, na sura ya mtu ikatosha kuwa ushahidi. Maneno ya askari wa Nairobi na ya askari wa Riyadh hayakutofautiana sana: toa kitambulisho.

Leo wanaoisikia Manfuha zaidi ni Wakenya. Saudia ina watumishi wa nyumbani wanaokaribia milioni 4, na Wakenya kati yao wanakisiwa kufika 150,000. Ripoti ya Amnesty International ya Mei 2025 ilikusanya maelezo ya wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi huko, wakieleza matusi ya rangi, saa za kazi zisizo na mwisho na pasipoti zilizozuiwa. Anayetoroka nyumba ya mwajiri wenzake humwita kemboi, kwa jina la yule bingwa wa kuruka viunzi na maji. Kemboi hukodi chumba na wenzake Manfuha, hufanya vibarua, na akipata mtoto nje ya ndoa hukwama: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hapati karatasi ya kusafiria, na mama kwenda polisi ni kujishtaki mwenyewe. Wako waliolala nje na watoto wao mtaani humo wakingoja kukamatwa, kama wale wa chini ya daraja la Kandara.

Serikali za Nairobi, Kampala na Dodoma zinapozungumza ajira na Riyadh, huzungumza idadi ya visa na fedha zitakazotumwa nyumbani. Zianze na hurubu. Mwajiri asiachiwe peke yake kumtangaza mtu mtoro. Mtuhumiwa asikilizwe kwanza, kama Najashi alivyowasikiliza wageni wake. Na wewe msomaji, binti yako akikuaga kwenda Saudia, baki na nakala ya pasipoti na mkataba wake, jina la kafili na la wakala. Hakikisha namba ya ubalozi wetu wa Riyadh ameihifadhi kichwani, maana simu ndiyo kitu cha kwanza anachonyang'anywa.