Sanamu ya Lord Delamere na Majina Yasiyoandikwa



Kila mwaka kitabu hiki huwaletea hesabu ya fedha zetu, mazishi tuliyosaidia na watoto tuliowalipia karo. Mwaka huu nimeagizwa niongeze habari ya historia, nami nimechagua sanamu ambayo baadhi ya wazee wetu waliiona kwa macho yao mjini Nairobi, na ambayo vijana wengi hawaijui hata kwa kuisikia.

Sanamu hiyo ya shaba ilifanywa na Bibi Kathleen Scott, mchongaji wa Kiingereza, kwa kumheshimu Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, aliyefariki mwaka 1931. Iliwekwa katika Delamere Avenue, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, katikati ya mji. Mtu aliyetoka kwao kuja kutafuta kazi hakukosa kupita mbele yake.

Ili tujue kwa nini walowezi walimpa heshima hiyo, hapana budi tutazame matendo yake. Aliingia katika nyanda za juu za nchi hii mara ya kwanza mwaka 1897, akitokea upande wa Usomali. Mwaka 1903 Serikali ilimpa eka 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Mifugo yake mingi ilikufa kwa maradhi, na ngano yake ikaharibiwa na kutu. Walakini hakukata tamaa, bali alitumia mali yake mwenyewe kutafuta mbegu iwezayo kustahimili kutu ile. Ni haki tuyataje hayo, maana historia si kesi ya kusikilizwa upande mmoja. Kadhalika aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1907, akawa kiongozi wa walowezi, akishindania nyanda hizo ziwe za Wazungu peke yao.

Sasa tuutazame upande wa pili. Mwaka 1904 Wamasai walitolewa katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba mapatano yale yangedumu maadamu kabila lao lipo duniani. Haikupita hata miaka kumi; mwaka 1911 yakafanywa mapatano mengine ya kuwahamisha Laikipia nako. Walipokwenda kortini mwaka 1913, waliambiwa kwamba mapatano yale yalikuwa kama ya dola na dola, na kwa hiyo korti haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Hivyo ndivyo ardhi ilivyopatikana. Na wachungaji waliolisha ng'ombe wa walowezi, na vibarua waliokatua ardhi ile huku wamevaa vipande shingoni, hakuna aliyewachongea sanamu.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, sanamu iliondolewa mjini, ikapelekwa Soysambu, shamba la ukoo wa Delamere karibu na ziwa Elementaita. Barabara nayo ikapewa jina la Mzee Kenyatta. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tafadhali mfikiri kidogo: sanamu ilihamishwa barabarani ikaenda shambani, shamba lenyewe lilibaki mikononi mwa ukoo ule ule.

Katika barabara hiyo hiyo iko sanamu nyingine ambayo haikuondolewa. Ni ile ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita Kuu ya kwanza. Wapagazi hao ndio wale wa Carrier Corps, ambao jina la Kariokor limetokana nao. Walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa, homa na kuhara. Chini ya sanamu yameandikwa maneno, Kiswahili kikiwamo, kwamba mtu akifa kwa kuipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Hata hivyo hapana jina hata moja la mpagazi lililoandikwa pale. Watoto wameachiwa kazi ya kukumbuka, bila ya kuambiwa wamkumbuke nani.

Ndugu zangu, ni rahisi kuwalaumu wengine. Nami kama karani naona haya kusema kwamba daftari letu lina kosa lilo hilo. Mara nyingi mwanachama anapofariki huniagiza niandike maneno machache ya kusomwa kaburini. Nikifungua daftari naona jina lake, tarehe aliyojiunga na ada alizolipa, basi. Wapi alifanya kazi, nani alimlea, ardhi ya baba yake ilikuwa wapi, alihamishwa mwaka gani: hayo huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo natoa ombi. Chama kinunue kitabu kipya, na kila mzee apewe ukurasa wake. Mjukuu ajuaye kuandika akae karibu na babu yake au nyanya yake, aandike anayoambiwa, bila kuyapamba. Gharama yake ni ndogo kuliko ya shaba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na majina ya watu wetu ni mali. Wazee wetu, tafadhalini msituache kabla hatujaandika.

Wenu katika kazi ya Chama,
Karani