Makutupora: miaka ya utepe, daftari na kihisi

Kaskazini mwa jiji la Dodoma lipo bonde la Makutupora, ambalo wengi wanalijua kwa kambi ya JKT na mashamba ya zabibu. Chini yake kuna maji ambayo yameunywesha mji tangu miaka ya 1950. Ziwa hakuna, wala mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua huja msimu mmoja, wastani wa milimita 550 hivi, kisha kiangazi cha Ugogo kinashika. Kila serikali iliyoutawala mji huu imelazimika kuuliza jambo lile lile: huko chini yamebaki kiasi gani?

Jibu lilitafutwa kwa miguu. Kuanzia 1955 watumishi wa maji walikwenda visimani, wakashusha utepe mpaka ukagusa maji, wakasoma kina na kukiandika. Wakoloni wakaondoka. Wizara ikabadilishwa jina mara kadhaa. Mwaka 1973 ikaamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na utepe ukaendelea kushushwa. Ni kazi isiyo na utepe wa kukatwa mbele ya kamera, na huenda ndiyo sababu majina ya walioifanya hatuyasikii.

Thamani yake ilionekana mwaka 2013, pale Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwamo Watanzania kama Lister Kongola, walipochapisha katika jarida la Nature Climate Change mfululizo wa vipimo hivyo wa miaka 55, hadi 2010. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ya maji ya ardhini ni adimu katika nchi kavu za tropiki. Nayo ilisema jambo ambalo kipimo cha mwaka mmoja au mitano kisingeweza kulisema: bonde halijai kila masika. Usawa wa maji hushuka polepole miaka kadhaa mfululizo, hata mvua za kawaida zikinyesha. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, wenye kufungamana na El Niño na joto la Bahari ya Hindi, na maji yanapanda kwa mkupuo. Mkupuo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa 1997/98. El Niño ile tunayoikumbuka kwa barabara na reli zilizosombwa ndiyo iliyoijazia Dodoma akiba yake.

Lakini maji yanaingilia wapi? Hapo ndipo vifaa vya elektroniki vilipoanza kufanya kazi ambayo utepe haukuiweza. Chini ya mradi wa utafiti wa GroFutures, vihisi vya kupima kina kila saa viliwekwa visimani Makutupora kuelekea msimu wa mvua wa 2015/16, ambao nao ulikuwa wa El Niño. Namba za kila saa zilielekeza kwenye mikondo ya msimu, hasa Mto Kinyasungwe Mdogo: mto ukitiririka, maji hupenya mchangani na usawa wa maji kisimani hupanda.

Kihisi cha namna hii, hata hivyo, kinaweza kuwa bubu. Hutunza namba tumboni mwake hadi mtu aje na kompyuta kuzichukua. Hatua ya kukipa sauti, kwa kukitia laini ya simu, ilijaribiwa kwa mafanikio makubwa kwa jirani zetu wa Kyuso, kaunti ya Kitui, Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini ya pampu za mkono kifaa kinachohesabu mpini unavyopanda na kushuka, kisha kikatuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi. Pampu ikinyamaza, fundi anatumwa. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka karibu mwezi mzima hadi siku zisizofika tatu. Wanaosimulia habari hii hupenda kukisifu kifaa. Mimi namsifu fundi, kwa sababu ujumbe haukazi nati.

Kwetu, maji ya vijijini yako chini ya wakala wa RUWASA, ulioanzishwa kwa sheria ya 2019 na wenye makao yake Dodoma. Katika vijiji kadhaa nchini vituo vya kuchotea maji sasa vinalipiwa kabla, bomba likirekodi kila lita na kupeleka taarifa ofisini kwa mtandao wa simu. (Tusilichanganye na LUKU ya kawaida ya umeme: mita ile haina mawasiliano na yeyote, tarakimu 20 anazoingiza mteja ndizo zinazobeba kila kitu.) Bomba la mtandaoni husikiliza pia. Ofisi inaweza kulifunga bila mtu kufika kijijini.

Mjini shinikizo ni la aina nyingine. Sensa ya 2012 iliwakuta Dodoma wakazi 410,956. Ile ya 2022, baada ya serikali kuhamia, ikawakuta 765,179, na visima vya Makutupora bado ni tegemeo.

Vijijini mzigo umeachiwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, maarufu CBWSO. Fundi wa chombo ndiye wa kwenda bomba linapoacha kutoa taarifa. Mafuta ya pikipiki yake yanatokana na maji yanayouzwa, na siku hiyo kituo hakijauza hata ndoo moja.